Wasichana Wawili, Mwamvuli Mmoja

Jumatano, 12 Juni 1957

Madaftari arobaini na mawili ya darasa la tatu. Nimesahihisha thelathini, wino mwekundu ukaisha, nikayaacha.

Alasiri Chumbageni kwa shoga yangu Mwanaidi, kama kila siku. Nimemkuta palepale, mkekani, nguo nyeupe, kichwa kimefungwa. Hapaki wanja, hajifukizi, hajitazami kiooni. Siku mumewe Athumani alipozikwa alijaza punje za mahindi katika kopo, moja kwa kila siku ya eda. Kila asubuhi anatoa moja na kumtupia kuku wa mkwewe. Leo zimebaki arobaini na moja. Nimezihesabu naye mara mbili, maana mara ya kwanza alikosea.

Nilimpelekea visheti. Kala kimoja. Bi Rukia, mkwewe, kamaliza sahani.

Wakati wa kurudi nimepita njia ya senema. Njia ya kwetu Ngamiani siyo hiyo. Tangu Machi sijaingia, napita tu kutazama matangazo, kama mtu mwenye saumu anayepitia kwa mkaanga samaki.

Kuna tangazo jipya ukutani. Picha ya Kijapani, onyesho la wanawake Jumapili. Wasichana wawili, mwamvuli mmoja. Mmoja mrefu, nywele zimekatwa sawasawa juu ya nyusi. Mwenzake mfupi, ana kifurushi mgongoni na baka jeusi shavuni. Nimesimama pale mpaka muuza kahawa akaniuliza nimepoteza nini.

Nawajua wasichana hao. Tumekaa nao mwaka mzima.

Alhamisi, 13 Juni

Sikulala vizuri. Niandike nipate kupumua.

Mwaka jana meli ya Kijapani ilikuja kupakia mkonge. Athumani, mume wa Mwanaidi, alikuwa karani bandarini. Baharia mmoja alimpa kitabu, naye akamletea mkewe. Hadithi yote imechorwa, picha baada ya picha, na maneno ya Kijapani ndani ya viduara. Hakuna aliyejua hata herufi moja. Tulikaa nacho siku nzima, mimi na Mwanaidi, tukaitunga hadithi kwa kutazama nyuso. Na tukagombana.

Yeye alikifungua kwa upande wa kulia, kama msahafu. Mimi nikakifungua kwa upande wa kushoto, kama kitabu cha shule. Kwake yule mfupi yuko peke yake darajani kwenye mvua, kifurushi mgongoni, halafu mwisho wawili wako chini ya mwamvuli mmoja. Kwangu kwanza mwamvuli, mwisho mvua. Kwake msichana anafika. Kwangu anaondoka.

Nilicheka. Nikamwambia hii si juzuu, bibi. Nilimwambia mbele ya mumewe. Athumani akacheka pia, akasema mwalimu ndiye ajuaye, na kuanzia siku ile akamwita mkewe Bibi Juzuu. Alimwita hivyo mpaka wiki aliyokufa. Mwanaidi hakubisha tena. Tulipokifungua, tulikifungua kushoto.

Na kuna ahadi. Siku ya tatu ya matanga, watu wamejaa ukumbini, alinivuta mkono akaniuliza jambo moja tu: senema, utaningoja? Miaka sita tumekwenda pamoja kila onyesho la wanawake, yeye kiti cha kushoto, mimi cha kulia. Nikasema nitakungoja. Nikaapa wallahi, wala hakuniomba kiapo.

Ijumaa, 14 Juni

Siendi.

Jumamosi, 15 Juni

Siendi. Nimeuliza saa tu. Saa tisa na nusu.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda.

Nimejifunika buibui mpaka puani na kuingia mlango wa ubavuni. Nikakaa mahali petu. Kiti cha kushoto nimeweka mkoba. Mama mmoja akataka kukaa, nikamwambia kina mtu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mwanzoni yalipita maandishi ya Kiingereza, kwamba picha imetokana na hadithi ya kuchorwa inayopendwa na watoto wa Kijapani. Ndiyo ileile. Taa zikazimwa.

Daraja. Mvua. Yule mfupi, peke yake, kifurushi mgongoni.

Nikasema moyoni, wameanzia mwisho. Nikangoja wageuze. Hawakugeuza. Karibu robo saa nimekaa pale nikiwasahihisha Wajapani kwa hadithi yao wenyewe. Ndipo ikaniingia. Anafika. Mwanaidi alisema kweli, na mimi nimesoma chuoni kama yeye, nimehitimu msahafu kabla yake, na ile njia ya kulia naijua tangu sijaota meno ya pili. Ila shule ilinizoesha kwamba kulia ni kwa dini na kushoto ni kwa dunia, nikafikiri dunia yote imesoma shule yangu.

Niliona haya. Haikudumu. Hilo ndilo linaloniuma, haikudumu hata kidogo, kwa sababu picha ilikuwa nzuri mno.

Wale si michoro tena. Ni watu. Yule mfupi ana baka lilelile shavuni, lakini sasa shavu linasogea. Mrefu ana kigugumizi, kitabuni huwezi kukiona. Mvua ni mvua, imewalowesha, nguo zimewaganda. Wanakula wali kwa tonge, wameufinyanga kama sisi, na jumba zima likashangilia tonge. Mama mmoja nyuma yangu akasema kumbe hawa ni watu wa maana.

Tatizo ni lugha. Kijapani juu, Kiingereza chini, kidogo kidogo na haraka. Wanawake wakaanza kupiga kelele, wanasema nini, wanasema nini. Nilivumilia kidogo. Halafu nikasimama. Buibui likateremka mabegani, nikaanza kuwafasiria kwa sauti ya darasani. Nikifasiri maneno ya mrefu naweka kigugumizi. Walicheka mpaka wakashikana. Ilipofika pale mrefu anaumwa na mfupi anambeba mgongoni kuvuka daraja, nikalia huku nafasiri, na jumba zima likawa linalia pamoja nami. Mwisho wako chini ya mwamvuli mmoja, umechanika upande. Ni mwamvuli waliomwibia mwalimu wao na hawakuurudisha. Tukapiga makofi kama harusini.

Bi Chiku mpika vitumbua akanikumbatia mlangoni. Mwalimu, umetufaa, na Jumapili ijayo uje.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mama akaniuliza nimepata mchumba?

Nimefurahi leo kuliko siku yoyote mwaka huu. Mwanaidi alikuwa anatazama ukuta.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kwake nimeazimia kusema. Sikusema.

Ameniambia nimechangamka. Nikamwambia mkaguzi wa shule amelisifu darasa langu. Hakuna mkaguzi aliyekuja. Akafurahi kwa ajili yangu. Akamwita Bi Rukia aje asikie.

Punje thelathini na sita.

Jumatano, 19 Juni

Naogopa nini? Nimejiuliza njia nzima. Senema angenisamehe, angenuna siku mbili. Naogopa kumwambia nilikosea kuhusu kitabu. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo. Mume wangu aliponiacha alisema amechoka kulala na mkaguzi, na hata siku hiyo nilimsahihisha tarehe kwenye karatasi ya talaka.

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda tena.

Nimejidanganya kwamba wanawake wananihitaji. Kweli walinihitaji, jumba lilifurika, waliniwekea kiti mbele kabisa. Lakini nilikwenda kwa sababu nilitaka. Nilitaka kumwona mfupi anafika. Nilitaka kusikia jumba linacheka kwa mdomo wangu. Safari hii nilijua kila neno linalokuja, utamu ukazidi.

Mkoba sikuuweka kiti cha pili. Hakukuwa na kiti cha pili.

Kesho picha inaondoka, inarudishwa Mombasa. Mwenye senema amesema haitarudi. Basi Mwanaidi hataiona maisha yake yote. Nimelifikiria hilo nikiwa tayari nimekula na kushiba.

Jumatano, 26 Juni

Siku mbaya.

Mwanaidi kanipa kitabu. Alikuwa amekifunga katika kitambaa cha Athumani. Akasema: "Chukua, Zuhura. Ulisema kweli siku ile. Yule mtoto anaondoka tu. Nimekitazama tena na tena, naona anaondoka. Sikitaki humu ndani."

Hapo palikuwa pa kusema. Neno moja tu, anafika. Bi Rukia alikuwa amekaa pale anachambua mchele, nikajiambia si mbele ya mkwewe. Kumbuka, mimi nilimcheka mbele ya mumewe bila kuona haya.

Nikakipokea. Nikasema ahsante.

Kiko chini ya godoro. Nakihisi mgongoni.

Ijumaa, 28 Juni

Bi Chiku na wenzake walikuja kwa Mwanaidi kusoma Yasini. Nilipomwona mlangoni nikakimbia kumpokea. Nikamvuta uani kabla hajakaa. Nikamwambia, kwa uso wa ustadhi, kwamba katika nyumba ya eda hazitajwi habari za senema, si adabu, inampunguzia mfiwa thawabu.

Sijui nimeitoa wapi. Bi Chiku akanitazama kwa heshima. Akasema kweli, mwalimu, Mola akulipe kwa kutukumbusha. Akawanong'oneza na wenzake. Wote wakawa wanatikisa vichwa.

Nimeongeza dini katika uwongo wangu. Nikasoma Yasini kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumanne, 2 Julai

Kikohozi. Sikwenda Chumbageni. Kikohozi chenyewe si kikubwa.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda. Punje kumi na tisa. Ameanza kupanga siku ya kutoka. Nani atachemsha maji, udi gani, kanga gani. Anasema anataka chumvi ya bahari iwekwe kwenye maji, mama yake alifanya hivyo. Anacheka kidogo sasa. Ananiangalia sana. Mimi naangalia kopo.

Katika darasa leo mtoto amesoma sentensi nzima kinyume, kaanzia neno la mwisho. Wenzake wakamcheka. Niliwafokea mpaka nikajishangaa.

Jumanne, 9 Julai. Idi Kubwa

Tumechinja pamoja na jirani. Mama amepika, mimi nimeunguza.

Saa saba Bi Chiku akaja na sahani ya pilau kutoka kwa Mwanaidi, imefunikwa kawa. Na maneno. Mwanaidi anasema, siku ya kutoka eda, nywele zake asizishike mtu ila Zuhura. Dada zake wote wamekwenda ngoma na harusi. Zuhura peke yake kamngoja.

Bi Chiku alipomaliza kuyasema hayo akanitazama. Si kwa ubaya. Akasema pilau ina ndimu kidogo, akaondoka.

Shoga ndiye anayemfungua nywele aliyetoka eda. Mama mzazi humwogesha, mkwe humvalisha, lakini nywele ni za shoga. Siku ya matanga mimi mwenyewe niliiomba kazi hiyo, nikiona naheshimika.

Pilau sikuweza kula. Amekula Mama.

Alhamisi, 11 Julai

Nimesema.

Nilikwenda moja kwa moja kutoka shuleni, chaki bado mikononi. Bi Rukia alikuwa amekwenda kwa jirani. Nikaweka kitabu mkekani baina yetu. Nikasema yote kwa pumzi moja. Senema. Mara mbili. Nilifasiri. Nilicheka na nilifurahi sana. Mkaguzi hakuja. Nilimziba mdomo Bi Chiku kwa thawabu. Na kitabu kinaanza kulia. Anafika, Mwanaidi. Wewe ulisoma sawa, mimi nilikosea.

Alichukua kitabu. Akakifungua kulia. Akalitazama daraja mpaka nikasikia jogoo wa Bi Rukia akiparura uani.

"Ya senema niliyajua," akasema. "Jumatatu ile ulikuja umevimba macho na unacheka. Mtu wa namna hiyo katoka senema. Nikangoja uniambie. Nikakutumia na pilau na maneno yale, upate kusema."

Nikaanza kuomba radhi. Akanyanyua mkono.

"Lakini hiki sikukijua. Nilikupa kitabu hiki nikalia, ukakipokea. Ulikwisha kuona kwa macho yako, ukakipokea ukasema ahsante." Akakifunga kitabu. "Athumani kaenda ananicheka, Zuhura. Kwa neno lako. Sasa hilo nani atamwambia?"

Nikapangusa chaki vidoleni. Mimi, nisiyekosa jibu.

"Nenda," akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Nimekaa kitandani bila kuvua viatu. Nilidhani nikisema nitakuwa mwepesi. Si kweli. Zamani mzigo niliubeba peke yangu, leo nimempa na yeye.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekwenda. Bi Rukia barazani. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba. Akasema Mwanaidi amelala. Saa kumi alasiri. Hajawahi kulala saa kumi.

Jumamosi, 13 Julai

Amelala.

Jumapili, 14 Julai

Amelala. Njiani wanawake walikuwa wanatoka senema, picha ya Kihindi. Wakaniita mwalimu, mwalimu, leo mbona hukuja. Nikapita kama sikusikia.

Jumatano, 17 Julai

Nimekaa barazani na Bi Rukia kuchambua mchele. Hakuniuliza kitu. Nadhani anajua, nadhani Chumbageni yote inajua. Dirisha la Mwanaidi liko nyuma yetu na lilikuwa wazi. Tulizungumza habari za bei ya nazi. Nilizungumza kwa sauti ili anisikie, kisha nikaona haya, nikashusha.

Bi Rukia akasema ana ndugu huko Kigombe aliyesema mfalme wa Waingereza ni mwanamke. Nikataka kumwambia siyo mfalme, ni malkia. Nikanyamaza. Akaendelea kumsifu mfalme yule, ana nywele nzuri.

Ninamkosa Mwanaidi. Niandike hivyo hivyo. Hakuna mtu mwingine duniani ninayetaka kumsimulia ile picha. Nimewafasiria wanawake mia, na hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini baka lile la shavuni lilinifanya nishike mdomo.

Ijumaa, 19 Julai

Amelala.

Mama anasema niache kwenda, nitadharaulika. Nimemwambia nimekwisha dharaulika. Akasema basi vaa viatu vizuri.

Jumatatu, 22 Julai

Kesho punje ya mwisho. Nimenunua udi na kanga doti moja, nyekundu na nyeupe. Nimenunua chanuo jipya la mti. Vyote viko mezani, vimefungwa. Sijaitwa.

Dada yake mkubwa ameonekana sokoni akinunua mafuta ya nazi. Mafuta ya nywele. Basi ni yeye. Ni haki yake, damu ni damu. Nimelia kidogo jikoni, Mama akasingizia vitunguu ingawa hakuna aliyekuwa anakata vitunguu.

Jumanne, 23 Julai

Nilikuwa nimeshavaa kwenda shule. Bi Chiku akagonga, ana unga wa vitumbua mpaka kwenye viwiko. Akasema: "Mwalimu, unaitwa. Na uende na mikono mitupu, kila kitu kiko."

Nimekwenda na vyote hata hivyo.

Walikuwa wamemaliza kumwogesha. Nyumba inanukia udi. Dada mkubwa alikuwa amesimama na chupa ya mafuta, akanikabidhi, akatoka. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, kanga mpya, mgongo kwangu. Hakugeuka. Kopo liko dirishani, tupu.

Nikamfungua kitambaa. Miezi minne nywele hazikuona jua. Zimejisuka zenyewe, zimeshikana, na mbele kuna mvi ambazo Machi hazikuwapo. Nikasema, Mwanaidi.

"Leo anasoma Bibi Juzuu," akasema. "Wewe chana."

Kitabu kilikuwa mapajani mwake. Akakifungua kulia.

Akaanza. Kuna mtoto anakuja kutoka mbali, mvua inamnyeshea, kwao wamekufa wote. Akafungua ukurasa. Huyu mrefu anamwona kutoka dirishani. Akafungua. Sauti yake ilikuwa ngeni mwanzoni, kisha ikapata joto. Aliweka kidole juu ya kila picha, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilichana kidogo kidogo kuanzia nchani, nisimuumize.

Ana hadithi yake kamili. Nadhani alikuwa nayo tangu siku ile ya kwanza na hakuna aliyemuuliza. Kwake mrefu hana kigugumizi, ana maringo. Kwake ule ugonjwa ni homa ya mbu. Pale darajani, mfupi alipombeba mwenzake, kidole chake kikasimama, nami nikaacha kuchana. Akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Endelea," akaniambia. Nikaendelea.

Ukurasa wa mwisho. Wawili, mwamvuli mmoja, umechanika upande.

Akasema mwamvuli huu ni wa baba yake yule mrefu. Alikufa, akamwachia. Kila siku aliufungia kabatini, hataki mtu auguse, na leo kwa mara ya kwanza ameufungua, na angalia, ameufungua kwa ajili ya mwenzake.

Mwamvuli ni wa mwalimu. Waliuiba. Nimeona mara mbili, nimewafasiria watu mia.

"Ehe," nikasema. "Halafu?"